Punda wa Mpakani ni wa Nani?

Mhadhara kwa wakazi wa Busia na Malaba



Nitaanza na punda mmoja. Alikuwa amefungwa kwa kamba ya nailoni mtini, upande wetu wa Malaba, pale malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Siku ya kwanza nilimwona amesimama, kichwa chini, nikadhani anapumzika. Siku ya pili nilimkuta palepale, na kamba ilikuwa imeula mguu hadi nyama nyekundu ikaonekana. Nikamuuliza mama muuza chai aliye karibu, huyu ni wa nani? Akanijibu, "Huyo ni wa ng'ambo, mwalimu." Siku ya tatu nikamuuliza dereva wa lori. Akasema yeye ni mgeni, alimkuta hapo. Mtu mwingine akadakia kwamba mwenyewe yuko Busia mjini. Nikaenda zangu. Siku ya nne nilimkuta amelala ubavu, ndipo nikaenda kwa afisa wa mifugo.

Mwenyewe alipatikana jioni hiyohiyo, hatua kama mia tatu kutoka kwenye mti ule. Alikuwa amemkodisha punda kwa kijana mmoja, kijana naye akamkodisha kwa mwenziwe, na huyo wa tatu alipoona mnyama hawezi tena kuvuta, akamfunga na kwenda kutafuta kibarua kingine. Kila mmoja wao aliamini kwamba mwenzake amempa maji. Daktari wa mifugo alimtazama kwa muda, akasema siku ya kwanza angeokolewa na ndoo ya maji, majani, na kisu cha kukata kamba. Siku ya nne hapakuwa na la kufanya ila kumwua ili asiteseke zaidi.

Sikuja hapa kuwalaumu wale watatu. Mimi mwenyewe nilipita siku tatu. Nimekuja kwa sababu ya jibu lile, "ni wa ng'ambo", ambalo katika mji wa mpakani kila mtu analo tayari mdomoni.

Tangazo la mkutano huu lilisema tutazungumza juu ya farasi na punda. Kuhusu farasi nitasema kidogo tu, kwa sababu hapa kwetu ni nadra kumwona. Wale wa mbio wako Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong. Huku kwetu farasi alishindwa zamani na wadudu. Mbung'o walimletea nagana, na visubi vidogo vinavyouma usiku vilimletea tauni ya farasi, ambayo humwua upesi sana. Ndiyo maana mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza walipofungua barabara ya Mackinnon na Sclater, maili 600 kutoka Mombasa hadi hapa Busia, ilikuwa barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe. Lakini yeyote atakayekutana na farasi, popote pale, ajue kwamba karibu yote nitakayosema juu ya punda yanamhusu farasi pia.

Punda anastahimili ile tauni ya farasi, naye amebaki nasi. Si wengi hapa kama walivyo Mwea au Naivasha. Mnyama wetu wa jembe ni ng'ombe. Hata hivyo punda wapo. Wanabeba maji, mchanga, matofali, magunia ya mahindi siku ya soko. Waluhya tunamwita isikiri; mkivuka daraja mtasikia Waganda wakimwita endogoyi. Ana majina pande zote mbili za mpaka, na upande wowote anaweza kukosa mwenyewe.

Mjue huyu mnyama ametoka wapi. Asili yake ni nchi kavu, Pembe ya Afrika na majirani zake, na wataalamu wa jenetiki wanasema watu wa upande huu wa Afrika walianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita. Nchi kavu ilimfundisha mambo mawili yanayomponza hapa kwetu. La kwanza, kuvumilia kiu. Punda anaweza kupoteza maji mengi mwilini, sehemu ambayo ingemwangusha ng'ombe, na bado akatembea. La pili, kuficha maumivu, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Pikipiki ikiharibika hutoa sauti. Mji huu ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, tangu enzi za baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka, una vijana wanaosikia injini ikikohoa wakiwa ng'ambo ya barabara. Punda hakohoi. Anasimama kimya, na sisi tunauita ukimya wake ukaidi, au tunauita nguvu.

Lugha yetu yenyewe ina msemo: punda afe, mzigo ufike. Tumeusema tangu utotoni kama sifa ya uvumilivu. Leo naomba tuusikilize kama anavyoweza kuusikia yeye.

Basi mtu atajuaje? Anza kwa macho, ukiwa mbali. Punda mzima husimama masikio yakizunguka, kila sikio likifuata sauti yake. Akikuona unakuja, anageuza kichwa. Yule ambaye masikio yamelegea pembeni, kichwa kiko chini ya usawa wa mgongo, hata gari likipita hashtuki, huyo ana jambo. Akiinua mguu mara kwa mara, au akisimama ameegemeza uzito nyuma, kwato zinamuuma. Akijitenga na wenzake, au akikataa chakula, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Punda asiyekula hata siku moja anaweza kuingia hatarini, hasa jike mwenye mimba au aliyenenepa, kwa kuwa mafuta ya mwili huyeyuka yakajaa katika damu hadi ini likashindwa kazi. Usingoje kesho.

Kisha sogea, kwa ruhusa ya aliye naye, kwa upande wa bega na si kwa nyuma. Usimpime unene kwa tumbo. Tumbo kubwa laweza kuwa limejaa minyoo au mabua makavu yasiyo na lishe, na manyoya marefu huficha mifupa. Weka kiganja juu ya mbavu. Zikiwa zinahesabika kwa macho, uti wa mgongo umesimama kama ukingo wa paa, na mifupa ya nyonga imechongoka, hayo hayakuanza jana. Hiyo ni njaa ya wiki nyingi.

Tazama mahali kamba zinapopita. Kidonda cha punda ni kama maandishi. Kinakwambia nani alifanya nini. Kidonda cha kifuani chasema ukanda wa kuvutia ni mwembamba au umekatwa kutoka tairi kuukuu. Kidonda cha mgongoni, pale shogi au ubao wa gari unapokaa, chasema hakuna tandiko chini yake. Chini ya mkia ni kamba iliyokazwa ili mzigo usiteleze mbele. Pembe za mdomo ni waya uliotumiwa badala ya lijamu. Vifundo vya miguu ni kufungwa muda mrefu. Na mistari iliyopandana juu ya matako, mipya juu ya mikavu, sina haja ya kuwaeleza imetoka wapi. Ukiona oili chafu ya injini imepakwa kwenye kidonda, ujue mwenyewe aliona tatizo na alitaka kulitibu. Huyo anahitaji kufundishwa, na atafundishika. Maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, yaliyotiwa chumvi kidogo, ni bora kuliko oili, na kupumzisha punda ni bora kuliko vyote viwili.

Halafu kwato. Katika nchi kavu kwato hulika zenyewe kwa mawe. Kwetu, mvua ya masika ikishuka na tope la njia za Teso likatanda, hazikauki na hazipungui. Hurefuka mbele zikajikunja kama ncha ya kiatu cha sultani, au huoza chini na kutoa harufu. Manyoya ya punda nayo hayazuii mvua kama ya farasi. Punda aliyelala nje usiku kucha katika mvua ya Busia bila paa ni punda anayeteseka, hata kama mwenyewe hakumgusa kwa fimbo.

Na maji. Punda wa kazi anahitaji lita 15 hadi 25 kwa siku, yaani karibu mtungi mmoja wa lita 20. Ninyi akina mama mnaotumia punda kuchota maji mnajua anabeba mingapi kwa siku. Mmoja katika hiyo ni wake.

Hapa nataka tusimame, kwa sababu ndipo wengi hukosea, nami nilikosea nilipokuwa kijana mwenye haraka. Punda aliyekonda hajathibitisha kosa la mtu yeyote. Eneo letu ni la mbung'o. Ng'ombe wetu wanaugua nagana, na punda pia. Mnyama mwenye nagana anaweza kulishwa vizuri na bado akakonda, akaishiwa damu, ufizi ukawa mweupe, akavimba chini ya tumbo. Meno mabovu nayo humfanya ateme majani aliyotafuna nusu. Mzee anaweza kuwa amempeleka punda wake kwa daktari mara mbili na fedha zikamwishia. Ndiyo maana naomba tulishike neno shaka. Kazi yako wewe mpita njia ni kuona na kusema ulichoona. Kama ni ugonjwa, uzembe au ukatili, ataamua mwenye ujuzi. Ukienda ukisema "fulani ni mkatili", umekwisha kuhukumu, na jirani yako ataamka kujitetea badala ya kuamka kumtibu mnyama. Ukisema "punda wa kahawia aliye karibu na soko ana kidonda kifuani na hajanywa maji tangu jana asubuhi", hakuna wa kukasirika, na daktari anajua abebe nini.

Umaskini nao ni kweli. Mtu anayepata mlo wa watoto wake kutoka kwa punda mmoja hawezi kumpumzisha wiki mbili kwa moyo mweupe. Lakini niwaambie nilichoona kwa miaka mingi: kidonda kidogo kinachopewa siku tano hupona, na kidonda hichohicho kikifanyiwa kazi hadi mfupa hula miezi mitatu au humla punda mwenyewe. Familia inayoshindwa kumpa siku tano mara nyingi ndiyo inayobaki bila punda, na siku hiyo mzigo hurudi pale ulipokuwa zamani, kichwani na mgongoni mwa mama.

Sheria inasemaje? Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya tangu miaka ya 1960. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumpakia kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au amejeruhiwa, kumnyima chakula na maji, na kumtelekeza mahali atakapoteseka. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Shilingi 3,000 zilikuwa kitu kizito sheria ilipotungwa. Leo ni ndogo mno, na wabunge wetu wanapaswa kuibadilisha.

Lakini ndani ya sheria hiyo mna jambo moja ambalo ningependa kila mkodishaji wa punda alijue. Mwenye mnyama anahesabiwa kuwa ameruhusu ukatili ikiwa angeweza kuuzuia kwa uangalizi wa kawaida na hakufanya hivyo. Maana yake ni kwamba hukodishi punda pamoja na dhamana yako. Punda akitoka kwa mwenyewe akapita mikononi mwa vijana watatu, wote watatu wanaweza kuwa na kesi, na mwenyewe pia. Ulipopokea kamba yake asubuhi, ulipokea na kiu yake.

Na ng'ambo? Uganda nayo ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ya tangu kabla ya uhuru. Hakuna upande wa mpaka huu ambapo ni halali kumwacha punda afe kwa kiu. Hivyo hata kama ni kweli ni wa ng'ambo, akiwa amesimama Malaba yuko chini ya sheria ya Kenya na mbele ya macho ya Mkenya.

Sasa taarifa ipelekwe wapi? Mimi huanza na mwenyewe, pale inapowezekana na pasipo na hatari. Mara nyingi neno la upole linatosha. Mwambie ulichoona, muulize kama ameshamwona daktari, na kama una majani au maji, mpe. Akikufukuza, au hapatikani, au mnyama yuko taabani, nenda kwa ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo. Wa Malaba mko karibu na Amagoro, wa Busia mna ofisi mjini. Wasikwambie kwamba hilo si jukumu lao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeandika ustawi wa wanyama miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Pale ambapo mtu anapiga mnyama mbele ya macho yako, au ametelekeza mnyama anayekufa, nenda polisi, omba taarifa iandikwe katika kitabu cha matukio, na uchukue nambari ya OB. Taarifa isiyo na nambari ni maneno ya njiani. Chifu na wazee wa mtaa wanafaa sana pia, hasa mwenyewe asipojulikana, kwa kuwa wao wanajua nani kamkodishia nani. Na kwa jambo lililoshindikana huku, kipo chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, kule Nairobi, chenye mizizi tangu 1910, ambacho kazi yake ni hii.

Utakapokwenda, nenda na mambo haya: mahali hasa, siku na saa ulizomwona, alikuwa hali gani kila mara, rangi na alama za punda. Piga picha ya kidonda, kamba, na mahali aliposimama. Usipige picha ya uso wa mtoto anayemchunga na kuisambaza kwa simu. Mtoto huyo ametumwa, na aibu itamfuata yeye wakati aliyemtuma yuko nyumbani. Na tafadhali sana, punda anayetokwa na mate, anayeuma ovyo, anayetembea kama mlevi, usimguse hata kama una huruma kiasi gani. Kichaa cha mbwa huwapata punda pia. Zuia watoto, piga simu, ngoja.

Najua linalowazuia wengi. Hapa watu tunajuana, na anayetoa taarifa huitwa mchongezi. Mama wa chai pale Malaba aliniambia baadaye kwamba alijua mwenyewe ni nani tangu siku ya kwanza. Alinyamaza kwa sababu mwenyewe ni mteja wake. Namwelewa, wala simdharau. Ndiyo maana nawaomba walimu, makasisi, maimamu na wenyeviti wa vikundi vya mikokoteni wabebe sehemu hii ya mzigo. Mwenyekiti wa kikundi akiambiwa, anaweza kwenda yeye, na jina la mama wa chai lisitajwe popote.

Kuna taarifa ya aina nyingine ambayo haingoji upole wowote. Kuanzia 2016 Kenya ilifungua machinjio ya punda, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa huko China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Kwa hesabu za taasisi ya utafiti ya KALRO, punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, katika nchi iliyokuwa na punda milioni 1.8 kwa sensa ya 2009. Wizi ukaenea. Watu waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa vichakani, ngozi zimekwenda. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Lakini makubaliano hayo ya Addis Ababa hayalindi zizi la kule Adungosi usiku. Ukiona punda wengi wamebanwa ndani ya lori, wamefungwa miguu, hawana maji, wanasogea kuelekea mpakani au kutoka mpakani, uliza kibali cha kusafirisha mifugo kimetolewa na nani. Kama unaogopa kuuliza, andika nambari ya lori na uipeleke polisi mara moja, kabla halijavuka.

Vijana wa mikokoteni, nimalizie kwenu, kwa kuwa ninyi ndio mnaokaa naye kutwa. Kesho asubuhi kabla hamjamfunga gari, mpitishieni mkono kifuani, mgongoni, chini ya mkia, kisha inueni kila mguu mtazame ukwato. Haichukui dakika tano. Kunjeni gunia safi mliweke chini ya ukanda. Mkimkodishia mwenzenu, mwambieni kwa kinywa chenu amekunywa saa ngapi, na jioni mkaulize. Na sisi wengine tunaopita njiani, tukimkuta mnyama amefungwa palepale alipokuwa jana, tuulize ni wa nani, na tukijibiwa ni wa ng'ambo, tumpe maji kwanza, kisha twende ofisi ya mifugo siku hiyohiyo.